Maembe ya Shangazi Shifa

Duha alirudi kwao Kibokoni, Mombasa, akiwa amebakisha mwaka mmoja kumaliza shahada yake, na mtaa mzima ukajua sababu kabla hajafungua sanduku. Ana mimba. Msichana gani huhama chuo mwaka wa mwisho bure bure?

Ukweli ulikuwa mchafu kuliko umbea wao. Huko Nairobi, mhadhiri mwenye wajukuu alikuwa akimwita ofisini, akifunga mlango na kumpapasa mkono huku akitaja alama za mtihani. Duha aliomba uhamisho, akarudi nyumbani. Mamake alimwamini. Wengine hakuwaambia.

Chuo cha Mombasa kilimpokea, lakini kikayakataa masomo mawili aliyokwisha kuyapita. Ayarudie jioni, au angoje mwaka mmoja zaidi kufuzu. Angengojaje? Mwaka ukipotea tu, watasema alikwenda kujifungua, na neno hilo litamganda maisha. Basi mchana akasoma yake, na jioni akaketi na watoto wa mwaka wa kwanza, akifundishwa kuandika barua ya kuomba kazi. Alikasirika mpaka kichwa kikamuuma, lakini hakukosa kipindi.

Aliyemtia kinyaa zaidi ni shangazi yake, Shifa. Kila Ijumaa alileta bakuli la maembe mabichi yaliyotiwa chumvi na pilipili, akaketi karibu naye, macho kiunoni mwa Duha.

"Kula, mwanangu. Mbona huli? Huna hamu na vitu vikali siku hizi?"

Duha aliyapenda maembe hayo tangu utotoni. Mate yalimjaa mdomoni, na hakugusa hata kipande. Damu yangu mwenyewe, alifikiri, na anapekua tumbo langu kama kikapu cha sokoni! Bakuli likaishia jikoni.

Alifuzu na wenzake, siku moja nao. Nyumba ikajaa wageni, na Shangazi Shifa akaingia na sinia la halua, akipiga vigelegele kuwashinda wote.

"Mimi nalisema! Mwanangu huyu ana akili!"

"Na maembe, shangazi? Leo hukuniletea?"

"Ah! Leo si siku ya maembe, mwanangu."

Duha akaenda jikoni na joho lake mwilini, akarudi na bakuli la maembe lililobaki tangu Ijumaa, akaketi mbele ya shangazi yake. Akala kipande kimoja kimoja mpaka yakaisha, akalamba pilipili vidoleni. Alipoinua kichwa, macho ya Shangazi Shifa yalikuwa pale pale, kiunoni.