Foleni Iliyonilisha

Nilikuwa na hoteli Malaba, kando ya barabara, karibu na mahali malori yanapongoja kuvuka kwenda Uganda. Usidhani ni hoteli ya vitanda. Ni kibanda cha mabati, meza nne, mabenchi na sufuria zangu. Watu hupenda kusema biashara hufa kwa sababu mwenyewe ni mvivu, au ana kiburi, au jirani amemroga. Ebo! Mimi nilikuwa naamka kabla ya jogoo. Yangu iliuawa na jambo zuri: malori yaliacha kukawia.

Zamani dereva angekaa hapa siku tatu, siku nne, akingoja karatasi zake. Afanye nini? Atakula kwangu asubuhi, mchana na jioni, afue nguo zake, anisimulie ugomvi wake na mkewe. Kisha wakajenga ofisi mpya, maafisa wa nchi mbili wakakaa chini ya paa moja, karatasi zikawa zinamalizwa lori likiwa bado njiani. Serikali ikashangiliwa. Mimi nikabaki na matumbo ya ng'ombe yanachacha sufuriani. Mpishi wangu alipoaga sikumzuia. Watoto wako Nairobi, mume nilishamzika Funyula, na nakwambia ukweli, kukaa peke yako katikati ya meza nne tupu ukifukuza nzi kunauma sana. Siku nyingine nilipika tu ili nisikie kitu kikichemka.

Basi nikaanza kuomba. Wenzangu kanisani wakiombea wagonjwa na mvua, mimi nafumba macho nasema: Bwana, nirudishie foleni. Usinicheke. Hata wewe ungeomba.

Na foleni ikarudi! Mtandao wa forodha uligoma, malori yakajipanga kutoka mpakani hadi Amagoro. Woi, nilicheza! Nikaazima sufuria, nikamwita mpishi wangu arudi, nikasukuma chapati mpaka mabega yakafa ganzi. Mabenchi yalijaa watu wakinitania.

"Mama, leo umekuwa msichana!"

"Kula unyamaze," nawaambia, na meno yote nje.

Siku ya pili akaja mteja wangu wa zamani, dereva mmoja wa Tororo, mtu mpole, aliyezoea kuniita nyabo kama wanavyowaita wanawake huko kwao. Alikuwa na lori la tangi, limejaa mafuta ya petroli. Hakuketi. Aliniambia mama yake amelazwa Tororo, hali ni mbaya, na anamuulizia yeye. Tororo! Ule mlima wao wa mwamba unauona ukisimama mlangoni pangu. Bodaboda ingemfikisha upesi. Lakini gari la mafuta haliachwi peke yake. Ukigeuka tu wezi wamefyonza, na kazi umepoteza. Utingo hakuwa naye, tajiri wake alishamwachisha ili kupunguza gharama.

"Nyabo, nikalie tu ndani ya gari. Wakiona kuna mtu hawaligusi. Saa mbili, tatu hivi. Nimwone, nirudi."

Nilitazama mabenchi yangu. Kulikuwa na watu wanaita chai, wanaita supu, na mpishi angeweza, sasa najua, angeweza kabisa kunishikia kwa hizo saa. Lakini nilikuwa nimeikosa ile kelele muda mrefu mno. Sikutaka kuiacha hata kidogo.

"Baba, niwaache watu wote hawa? Foleni itasonga kesho, utamkuta."

Nikamfungia chapati mbili za bure. Haki, nilijiona mwema.

Kesho yake foleni haikusonga. Keshokutwa yake asubuhi nilimwona ameketi kwenye ngazi ya lori lake, simu mkononi, anautazama ule mlima. Halii. Sikuhitaji kuuliza. Nilirudi jikoni haraka kabla hajanigeukia.

Jioni hiyo mtandao ukafunguka, malori yakaondoka, na barabara ikawa nyeupe.

Wiki kadhaa baadaye akasimama kwangu, akielekea Eldoret kupakia. Siku hiyo alikuwa ndiye mteja pekee. Nilimpakulia, nikakaa mbele yake.

"Pole kwa msiba wa mama," nikasema.

Nilitaka kuongeza mengine, nikaishia kumwongezea mboga. Yeye alikula ugali wote, akanawa, akanieleza kwamba ndugu zake walimngoja, wakazika pamoja. Hakunilaumu hata kwa jicho. Afadhali angenitukana! Ningejua pa kuanzia.

Akiwa mlangoni aligeuka.

"Mungu akubariki, nyabo. Akujazie tena mabenchi kama siku zile."

Nikaitikia amina. Kesho yake sikuwasha moto, wala foleni sikuiomba tena.