"Mpira ule niliuacha mimi"

Saa moja kasorobo asubuhi. Zamu iliyomaliza inavua aproni, zamu inayoingia bado inafunga vifungo vya makoti meupe. Katikati hapo, kwa dakika kumi na tano tu, sakafu ya kiwanda cha maziwa inakuwa ya mtu mmoja.

Anaingia kwa mlango wa kupokelea maziwa. Mkono mmoja ameshika fimbo yenye mpira mpana wa kusukumia maji, mwingine ameshika tochi. Taa zote zinawaka, lakini anamulika chini ya matangi hivyo hivyo. Mwanga ukipigwa kwa ubavu huonyesha utando wa mafuta ya maziwa ambao mtu aliyesimama hauoni. Akiuona, anaukanyaga kwa ncha ya buti. Buti likiserereka hata kidogo, anapiga magoti na brashi yake na maji ya moto.

"Maji yana adabu, yanaonekana," anasema bila kuinua kichwa. "Mafuta ya maziwa ni mnafiki. Yanakuchekea, kisha yanakulaza chali."

Wenzake wanamwita Pakavu. Ndilo swali analouliza kutwa nzima, kwa sauti inayoshindana na mashine: "Pakavu hapo?" Mtu mwenye kreti mikononi havuki mpaka Pakavu ajibiwe. Ana miaka arobaini na tisa, na kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye sakafu hii.

"Mke wangu analalamika kwamba hata nyumbani nikitoka kuoga nakagua mlango wa bafu kama askari wa forodha," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Miaka sita iliyopita alikuwa mfagizi tu. Kazi anayoifanya leo, ya kusimamia usalama wa sakafu na ngazi zote za kiwanda, haikuwepo. Ilikuja baada ya mtu kuanguka, na mkono wa Pakavu ulikuwemo katika anguko hilo.

Ilikuwa Jumanne. Malori mawili ya maziwa yalifika kwa pamoja, na Pakavu alikuwa anaosha ujia unaotoka chumba cha kupokelea maziwa kwenda maabara. Msimamizi wa zamu akamwita kwa kelele: kreti zimeporomoka upande wa kupakia, aje upesi. Pakavu akafunga bomba, akauacha mpira wa maji ulipo, umekatiza ujia kutoka ukuta hadi ukuta.

"Nilijiambia narudi sasa hivi," anakumbuka. "Sasa hivi yangu ikawa dakika ishirini."

Katika dakika hizo akapita mpimaji wa maziwa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja. Alikuwa amebeba trei ya chupa sita za sampuli, ameiinua usawa wa kifua, kwa hiyo miguu yake mwenyewe alikuwa haioni. Mpira ulikuwa wa kijivu. Sakafu nayo ya kijivu.

"Sikusikia maumivu kwanza," anasema mpimaji. "Nilisikia chupa."

Kifundo cha mguu wake wa kushoto kilivunjika sehemu mbili, na kiganja kikachanwa na kioo. Watu walikimbilia pale. Mmoja wao, akitengeneza njia ya machela, aliusukuma mpira kwa mguu hadi pembeni ya ukuta. Pakavu alipofika akihema, alikuta vioo, maji na mwanamke anayelia. Mpira ulikuwa umejilaza ukutani kama usiohusika.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Naye hakusema kitu.

Taarifa ya ajali ilikuwa na mistari miwili: mfanyakazi alikuwa anakimbia, uzembe ni wake mwenyewe. Kwa mistari hiyo, kiwanda kiligharamia huduma ya kwanza tu. Upasuaji wa kuunga mfupa ukabaki juu ya familia yake, na barua ya onyo ikamfuata mgonjwa kitandani.

Pakavu aliinyamazia habari hiyo siku kumi na moja. Mwaka mmoja kabla, mfagizi mwenzake alifukuzwa kwa sababu ya pampu iliyoharibika, na hadi leo haijulikani kama kweli aliiharibu yeye. Pakavu ana watoto watatu shuleni. Mkewe anashona nguo nyumbani.

"Nilijitia hamnazo," anasema. "Nikawa napiga deki ule ujia mara nne kwa siku. Watu wakanisifu kwa bidii. Kila sifa ilikuwa inanichoma."

Siku ya kumi na moja, yeye na mkewe walikwenda kumjulia hali mpimaji, kama wafanyakazi wengine walivyokuwa wakifanya. Walimkuta amelazwa sebuleni, mguu umeinuliwa juu ya mito miwili. Mama yake mzazi aliwakaribisha viti.

Mpimaji alimtazama Pakavu, akamuuliza: "Kaka, wewe upo pale kila siku. Hivi mimi nilikuwa nakimbia?"

"Hapana, dada. Wewe hukimbii."

"Nilijikwaa kwenye kitu. Nina hakika. Lakini kila anayekuja ananiambia sakafu ilikuwa tupu. Nimeanza kudhani labda kichwa changu ndicho kibovu."

Pakavu akasema, "Ugua pole, dada," akasimama.

Mkewe alimfuata hadi barabarani, akamshika mkono wa shati. "Baba watoto, mbona umetoka kama mtu aliyefukuzwa?"

Akamweleza pale pale, kando ya barabara, watu wanapita. Alipomaliza, mkewe akasema: "Kesho unakwenda kusema. Tukimwaga unga, tutauzoa. Lakini yule mwenzio usimwache aamini amerukwa na akili."

Asubuhi yake Pakavu alijikaza kisabuni, akagonga mlango wa meneja, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Mpira ule niliuacha mimi," alisema kabla hata ya kukaa.

"Mpira gani?"

Akaeleza. Meneja akavua miwani. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa kupoteza kazi."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi, mama. Lakini nimekuja."

Msimamizi wa zamu aliitwa. Hakukana kwamba alimwita Pakavu kwa haraka. "Ningemwita nani mwingine?" aliuliza. "Kiwanda kizima, zamu nzima, mfagizi ni huyu mmoja."

Meneja aliinuka, akaenda kwenye ujia mwenyewe. Aliona kile ambacho wote walikuwa wakikiona bila kukitazama: bomba lilikuwa upande mmoja tu, kwa hiyo kila siku ya kuosha, lazima mpira ukatize njia ya watu. Na hapakuwa na hata msumari wa kuutundika.

Taarifa iliandikwa upya. Gharama za upasuaji zikabebwa na kiwanda, barua ya onyo ikafutwa. Pakavu alisimamishwa kazi wiki mbili bila malipo. Hakulalamika. "Nilitegemea mabaya zaidi," anasema.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja zaidi wa kugonga. Alirudi kwa mpimaji, safari hii peke yake, akasema yote. Hakupewa kiti.

"Siku kumi na moja, kaka?" mpimaji alimwambia. "Umekuja hapa, umenitazama usoni, ukaniambia ugua pole?"

Mama mzazi ndiye aliyemsindikiza hadi nje. "Umesema, mwanangu, na ni vizuri," alimwambia. "Sasa mwache akasirike."

Mpimaji alirudi kazini baada ya miezi saba, akichechemea kidogo asubuhi za baridi. Kwa wiki tatu salamu yake kwa Pakavu haikuzidi neno moja. Wiki ya nne akamfuata mahali anapohifadhi ndoo, akamwekea daftari mbele yake.

Alipokuwa anauguza mguu, mpimaji alimuuliza kila aliyekuja kumtazama swali moja: wewe umewahi kuponea chupuchupu wapi? Aliandika majibu yote. Ngazi ya nyuma isiyo na taa. Kifuniko cha mtaro kinachocheza. Mabuti yaliyolika soli mpaka yakawa laini kama sabuni. Sehemu arobaini na moja.

"Kazi yangu ni kupima," anasema mpimaji. "Nikaona na hili tulipime, tusibaki kuambiana pole."

Walilipeleka daftari kwa meneja pamoja. Ilichukua karibu mwaka mzima. Bomba la pili liliwekwa ng'ambo ya ujia, na kila mpira ukapata gurudumu la kuuzungushia ukutani. Sampuli sasa husukumwa kwenye kitoroli. Mabuti hukaguliwa kila mwezi, na mfagizi wa pili akaajiriwa ili mmoja akiitwa, mwingine abaki na maji yake. Pakavu mwenyewe akapewa kazi mpya ya kusimamia sakafu na ngazi zote.

Jambo lililozua ubishi zaidi lilikuwa karatasi moja yenye saini ya meneja: anayemwaga kitu, kuacha kitu au kuteleza, akisema mwenyewe, haadhibiwi. Msimamizi wa zamu alidai watu watajiachia.

Mwanzoni ilionekana kana kwamba alisema kweli. Mwaka uliotangulia maanguko yaliyoandikwa yalikuwa kumi na tisa. Mwaka wa kwanza wa karatasi ile yakafika thelathini na manne. Meneja alishtuka. Mpimaji akamweleza kwamba watu hawakuanza kuanguka zaidi, wameanza kusema. Mwaka uliofuata yalishuka hadi saba. Mwaka jana yalikuwa matatu, na hakuna aliyevunjika mfupa.

Si wote wanaofurahia. Madereva wa malori ndio wakaidi zaidi. Asubuhi hii mmoja anasimamishwa mlangoni asugue matope kwenye soli.

"Mzee, unanisumbua na viatu kama naingia ukweni!" analalamika dereva.

"Ukweni ukiteleza wanacheka tu," Pakavu anamjibu. "Hapa tutakubeba."

Dereva anasugua viatu.

Bado kuna mambo yanayomkera. Ngazi ya kupanda chumba cha baridi ina kishikio upande wa kulia tu, na anayepanda akiwa na mzigo mkono huo hana pa kushika. Ameomba cha upande wa pili mara tatu. Ameahidiwa kabla ya mvua. Kila Ijumaa hupita ofisi ya fundi mkuu kuuliza, na fundi mkuu sasa humjibu kabla hajafungua mdomo.

Wiki ijayo wafanyakazi wapya kumi na wawili wataanza kazi. Kwa mara ya kwanza, Pakavu amepewa saa nzima ya kuzungumza nao kabla hawajakabidhiwa mabuti. Meneja alimshauri aanze na vibao vya njano na aina za sabuni. Yeye ana mpango mwingine. Atawapeleka kwenye ujia wa maabara, awasimamishe pale penyewe, na kuwaeleza alichofanya na alichokaa nacho moyoni.

"Nikiwafundisha kupiga deki, watajua kupiga deki," anasema, akikamua tambara. "Mimi nataka mtu akiacha kitu njiani, akumbuke akiwa hatua ya pili, arudi. Na akichelewa, aseme. Hilo halimo kwenye kibao chochote."

Amemwomba mpimaji awepo. Mwanamke huyo alimaliza kufunga chupa zake, akaziweka kwenye kitoroli, kisha akamwambia atakuja, ila atasimama mbele kabisa.

"Nataka nione," alisema, "kama kuna kipande utakachokiruka."