Mgomba Uliootea Kaburini

Kaburi la mdogo wangu limeota mgomba, na ndani ya kaburi hilo hakuna mtu.

Naanza na hilo kwa sababu kila anayepita kwetu, upande wa Bumula, husimama kulitazama. Kaburi liko kando ya ua, mahali ambapo kwetu huzikwa binti aliyekufa bila kuolewa. Si karibu na nyumba, wala si nje ya boma. Udongo wake ulikuwa bado umevimba jani la kwanza lilipojitokeza, limejiviringisha kama karatasi, pale pale ambapo kifua cha mtu aliyelala kingekuwa.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa vitambaa vya makochi. Alifuma kwa sindano ya kroshia, na nyumba nyingi za kijiji chetu hadi leo zina kazi yake migongoni mwa viti. Macho yakichoka na uzi mweupe, aliingia bustanini. Huko alikuwa na mtindo wake. Chipukizi la mgomba alilipunguza mizizi yote kwa kisu mpaka kitako chake kikawa cheupe kama kiazi kilichomenywa, akakipaka majivu, kisha akakilaza ubavu shimoni. Sisi wengine tulikisimamisha.

“Unakilaza kama mtoto?” Mama alikuwa akimcheka.

“Acha kilale. Kitaamka chenyewe.”

Na viliamka. Migomba yake ilinenepa kuliko yetu, jambo lililomuudhi Mama kidogo.

Siku moja aliaga kwamba anaenda Bungoma mjini kununua uzi. Alivaa ndala na hakubeba mkoba. Simu yake iliita mara moja, halafu ikazimika. Tulimtafuta kwa polisi, Lugulu na hospitali nyinginezo, vyumba vya maiti, makanisani, kwa marafiki. Tuliuliza hata wenye maduka ya nyuzi, na hakuna aliyemkumbuka kuingia. Miaka ikapita. Kitambaa alichokiacha nusu kilibaki kwenye stuli yake, sindano ikiwa imechomekwa kwenye duara la mwisho, na Mama alipofagia alifagia kuizunguka ile stuli.

Kwetu, mtu aliyepotea hadi matumaini yakaisha huzikwa kwa gogo la mgomba. Gogo hulazwa ndani ya jeneza, watu huomboleza, mchungaji huomba, na familia hupumua. Baba mdogo, yaani ndugu wa marehemu baba yetu, ndiye aliyeanza kulisema.

“Shemeji, huyu mtoto anazunguka nje,” alimwambia Mama. “Si tumpe mahali alale?”

“Anayezunguka yu hai,” Mama akajibu.

Sababu ya Mama kukataa ilikuwa wazi kwetu sote. Mtu akishazikwa hivyo, kisha akarudi akiwa hai, haingii boma. Hapewi mkono wala maji. Wazee ni lazima kwanza wamfanyie mambo yao pale nje, na wako wanaosema hata hayo hayatoshi, kwamba aliyezikwa amezikwa na anayesimama langoni ni kitu kingine. Kumzika ni kumfungia mlango, na Mama hakutaka mkono wake uwe kwenye hilo komeo.

Halafu akakubali. Alikuwa akipepeta maharagwe, na siku hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Aliweka ungo chini akasema, “Mzikeni,” kisha akauchukua tena ungo.

Nilikuwepo gogo lilipokatwa. Baba mdogo alichagua mgomba wa ndizi za kupika nyuma ya jiko, akaukata kwa panga usawa wa goti. Mama alichomoa sindano kwenye kile kitambaa cha stuli, akakitandaza juu ya gogo upande wa kichwa. Mpaka wakati wa kufunga jeneza utomvu ulikuwa umepenya, ukaacha doa la kahawia mahali pa uso. Waliobeba walilalamika kwamba jeneza lina uzito wa mtu. Mgomba umejaa maji, nilijiambia, na maji ni mazito. Nilijiambia hivyo mpaka tukamaliza kufukia.

Baada ya mazishi nilimchukua Mama akae nami Kitale. Nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba, na jioni zangu huishia humo. Nafuma kidogo, ila kazi ninayoipenda ni vyungu vya maua. Nachovya taulo kuukuu kwenye saruji iliyokorogwa kama uji, nalitandaza juu ya ndoo iliyopinduliwa, na likishakauka naitoa ndoo. Taulo hubaki limesimama na mikunjo yake yote. Yakiwa yamepangwa barazani yakikauka, kwa mbali hufanana na watu waliojifunika shuka wakapiga magoti. Mimi nilikuwa nimeyazoea.

“Hawa watu wako wanangoja nini?” Mama aliniuliza siku ya kwanza.

“Ni vyungu, Mama.”

“Najua ni vyungu. Nimekuuliza wanangoja nini.”

Alikuwa akizunguka kupitia mlango wa jikoni ili asipite mbele yao. Mchana alikaa nami tukifuma, yeye akitumia ile sindano aliyoichomoa. Hakumtaja mdogo wangu hata mara moja, nami nikafikiri mazishi yamefanya kazi yake.

Ndipo Baba mdogo akapiga simu.

“Njooni mwone. Ati kaburi limeota.”

“Limeota nini?”

“Kwani tulizika nini, bana?”

Nilitamani kucheka, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayetania.

Tulipofika niliangalia mambo kwa utaratibu, kama ninavyoangalia kila kitu kinachonitisha. Kwanza nilienda nyuma ya jiko. Kisiki kilikuwa palepale, kimekauka juu, kitako chake chote kikiwa bado ardhini. Kwa hiyo tulichozika kilikuwa shina tupu, na shina lisilo na kitako haliwezi kuota. Huoza tu. Pili, nilitazama jani. Migomba yetu ya kupika ina vikonyo vya kijani kitupu. Hili la kaburini lilikuwa jembamba, na kingo za kikonyo chake zilikuwa na wekundu kama ufizi. Ulikuwa mgomba wa ndizi sukari, na kwetu hapajawahi kuwa na ndizi sukari.

“Ung'olewe leo,” Baba mdogo alisema. “Utazaa huo, na watoto wa watu watachuma. Unajua watakuwa wanakula nani?”

“Wewe ndiye uliyelikata gogo,” nikamwambia. “Uliacha kitako?”

“Si kisiki umekiona! Mimi nimekata migomba kabla wewe hujazaliwa.”

Jirani aliyekuwa ameegemea ua akasema taratibu, “Huyo anataka kutoka.” 

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kaburi, akilitazama jani kama anayemsubiri mtu amalize kuongea. Nilimwambia naweza kufukua kidogo tu, nione limetoka wapi.

“Ukikuta limetoka kwa lile gogo,” alisema, “basi mwanangu amekufa kweli, na anatuonyesha. Ukikuta limepandwa, basi alikuja. Alisimama hapo kwenye ua, akausoma msalaba wenye jina lake, akajua mimi mama yake nilikubali. Ndiyo maana hakuniita. Sasa unataka nichague lipi?”

 Jua lilikuwa kali. Kuku walikuwa wakichakura boma zima, lakini niliona hawakufika pale kwenye udongo wa kaburi, ingawa ndio uliokuwa laini kuliko wote.

“Chimba,” Mama akasema hatimaye. “Lakini kwa mikono. Usimguse kwa jembe.”

Nilipiga magoti nikafukua. Sikuhitaji kwenda mbali. Kitako kilikuwa karibu na juu, na chini yake udongo ulikuwa mgumu vilevile tulivyoushindilia siku ya mazishi. Hakikuwa kimetoka chini. Kilikuwa kimewekwa. Kilikuwa na makovu ya kisu pande zote, mahali mizizi ya zamani ilipopunguzwa, na udongo unaokigusa ulikuwa wa kijivu, wenye majivu. Kilikuwa kimelazwa ubavu.

Nilimtazama Baba mdogo. Alikuwa ameona.

“Kumenya hivyo, siku hizi watu wengi hufanya,” alisema. “Mabwana shamba wanafundisha.”

“Na kulaza?”

“Pengine kililala chenyewe.”

Mama aliinama, akaligusa lile jani kwa nyuma ya kidole, jinsi mtu anavyopima homa. “Mfunike,” akaniambia, nami nikarudisha udongo. Kisha akamgeukia shemeji yake. Nilimwona akikaza mgongo.

“Waite wazee waje wamfungulie.”

“Wamfungulie nani, shemeji? Mtu mwenyewe haonekani.”

“Mkimfungulia ataonekana.”

Baba mdogo alivua kofia, akaivaa tena. Si mtu katili. Ndiye aliyelipia mbao za jeneza, na siku ile alilia kuliko wote. “Na tukifungua,” alisema, “na aliyeko nje asiwe yeye?”

 Mama aliinuka, akaenda langoni, akaliondoa lile jiwe kubwa linaloegemezwa lango lisijifungue. Tangu saa hiyo Mama hajarudi nami Kitale, na lango letu hucheza na upepo mchana kutwa. Baba mdogo akipita hulirudisha jiwe. Akishaondoka, Mama huliondoa tena, naye ana magoti mabovu.

Kwa kuwa siwezi kukaa na jambo nusu, nilienda Myanga. Huko kuna mama anayeuza miche sokoni, na niliambiwa ndiye mwenye ndizi sukari eneo hili. Nilimkuta ameketi katikati ya parachichi changa na machipukizi ya migomba, akitafuna muwa.

“Karibu, kastoma. Ndizi sukari ndiyo imebaki hii. Ukichelewa utalia.”

Nilimwambia natafuta habari, sitafuti mche. Akacheka. “Habari nazo nauza.” Lakini nilipomweleza ni boma gani ninalotoka, na kilichoota kaburini, aliuweka muwa chini.

“Ni kweli,” alisema. “Kuna mwanamke alinunua. Nilimkumbuka kwa sababu aliomba majivu. Nani huomba majivu sokoni? Aliomba kwa yule anayechoma mahindi, akakaa hapo ulipo, akatoa kisu chake mwenyewe akamenya.”

“Alikuwa wa umri gani?”

“Kama wako. Au mdogo kidogo. Alikuwa amejifunga leso mpaka kwenye nyusi, sikumwona vizuri.”

“Alisema anaitwa nani?”

“Dada, mimi nauza miche. Sijui majina ya watu.” Alifikiri kidogo. “Ila aliuliza kama yule mama wa kule kwenu bado anaishi peke yake. Nikamwambia amepelekwa kwa binti yake, maana juzi wamezika yule mwingine. Akasema amesikia.”

“Alisemaje hasa? Alihuzunika?”

“Alisema, ‘Nimesikia.’ Basi. Kama umemwambia habari za mtu asiyemjua. Mimi ndiye niliyeogopa, sijui kwa nini. Nikampunguzia bei ili aende.”

Nilimwonyesha picha ya mdogo wangu kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akanirudishia. Alisema inaweza kuwa yeye, na inaweza kuwa mimi.

Niliuliza alielekea upande gani. Hakuona, soko lilikuwa limejaa. Niliuliza jambo la mwisho, la kawaida tu, kama alikuwa na gari au mtu wa kumsaidia kubeba chipukizi lile.

“Lipi?” akauliza. “Alinunua mawili. Alibeba moja kila mkono.”

Nimemweleza Mama kila kitu. Wazee bado hawajakubali kuketi. Mimi na Mama tumetembea shamba lote, kando ya ua, kwenye bonde la maji, hadi nyuma ya choo, na nimeuliza kwa majirani wote wanaopakana nasi. Niliporudi Kitale nilipita hata uwanjani kwangu, nikichungulia kati ya vyungu. Mgomba wa kaburini una majani manne sasa. Chipukizi la pili hatujui limepandwa wapi.