Pua ya Romani na Chupa ya Mkwe

Romani ni fundi wa friji na viyoyozi, na kwa muda mrefu kinywa chake kilikuwa kama vinywa vingine vya Bunju: bia ikiwa baridi, basi ni nzuri. Kilichomharibu ni hoteli moja ya ufukweni alikoitwa kufufua friji la baa. Mhudumu wa baa, kwa kumshukuru, akammiminia kidogo wiski ya Kimarekani, ile inayoitwa bourbon, akamwambia asiigugumie kama dawa ya malaria.

"Iache izunguke mdomoni kwanza, fundi. Halafu niambie umekuta nini."

Romani akaizungusha. Akakuta sukari guru. Akakuta korosho iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua. Akakuta, na hapa ndipo alipopotea, harufu ya sanduku la mama yake kule Mahenge likifunguliwa siku ya Krismasi. Alirudi nyumbani kimya, Demetria mkewe akadhani amepigwa na umeme.

Tangu hapo hakukalika naye. Kazi yoyote ya hoteli aliimalizia baa, si kwa kulewa, maana kulewa hata mpumbavu anaweza, bali kwa kulinganisha. Ndivyo alivyosema. Akawa ananunua chupa moja moja na kuzipanga kwenye kabati la sebuleni, kwanza pembeni ya picha ya harusi, baadaye mbele ya picha ya harusi. Akajinunulia glasi fupi yenye kitako kizito ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa wala kuiosha. Jioni alitazama video za Wazungu wenye ndevu wakinusa, akamaliza bando la mwezi ndani ya wiki, akajifunza kwamba pipa la bourbon huchomwa moto kwa ndani kabla ya kutiwa pombe, na kwamba huo moto ndio unaoleta rangi na utamu. Wazungu walisema pipa ni la mwaloni. Romani naye akawa anasema mwaloni, kwa kujiamini kabisa, ingawa mti wenyewe hajawahi kuuona, na ungemletea gogo lake uani angelipasua kuni.

Kwenye grosari ya jirani wenzake walimvumilia mpaka siku aliyowaeleza kwamba bourbon lazima itokane na nafaka ambayo zaidi ya nusu yake ni mahindi. Mmoja akaweka bia yake mezani taratibu.

"Mahindi? Kwa hiyo siku zote hizi unatupigia kelele za gongo?"

Grosari nzima ikaangua kicheko. Romani akaeleza pipa, akaeleza moto, akaeleza miaka ya kulaza, na kadiri alivyoeleza ndivyo gongo ya vichochoroni ilivyozidi kuonekana. Siku hiyo wakampa jina la Mzee Pua. Alinuna kidogo, kwa heshima ya nafasi yake, lakini moyoni alilipenda kuliko jina la ubatizo. Na lilimfaa, kwa sababu pua kweli alikuwa nayo. Mfumbe macho, mpangie chupa zake zote, atakutajia moja baada ya nyingine bila kukosea. Ni ujuzi usio na kazi yoyote duniani, lakini alikuwa nao.

Mwenye pua hii alikuwa na mtoto mmoja tu, Anastasia, muuguzi, na Anastasia alikuwa amempata Daniel, mwalimu wa fizikia kutoka Buguruni. Romani alimchunguza kijana huyo mwaka mzima kama anavyochunguza friji linalovuja gesi. Hakuona mahali pa kuvuja. Kijana aliamkia vizuri. Hakunywa, hakuvuta, hakubishana habari za mpira. Akikuta ndoo ya maji imekaa uani, anaibeba bila kuambiwa. Kwa mtu anayetafuta kasoro, haya yalikuwa mateso. Kasoro pekee aliyoipata ni kwamba Daniel alikula taratibu mno, na alipompelekea Demetria kasoro hiyo, Demetria alimwambia akalale.

Siku ya wageni ikafika, Jumamosi. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa, sasa wazee walikuja kusikia jibu, na Demetria alikuwa na msaidizi jikoni: Bi Hamisa, jirani, ambaye kila mtu humwita Mama Walid. Huyu ni mwenyeji wa Bunju hasa, watu wake walikuwapo hapo tangu mikorosho ikiwa mingi kuliko nyumba. Kati yake na Romani pana ua wa michongoma, na kila Alhamisi jioni Mama Walid hufukiza ubani nyumbani kwake, moshi ukavuka michongoma na kuingia sebuleni kwa Romani bila hodi. Wamekaa hivyo tangu Anastasia hajazaliwa.

Wageni walikuwa wazee watatu na Daniel. Aliyesema kwa niaba yao, mshenga, alikuwa Mzee Abdulrahman, jirani wa kina Daniel: kanzu ya pasi, koti, viatu vyeusi vya kamba, na maneno yaliyopangika. Viatu wakavivua mlangoni. Wakaketi, wakaulizana hali za nyumbani, za barabarani na za mvua, kila kitu kikaenda kwa utaratibu wake. Anastasia alikuwa chumbani, mlango umerudishiwa nusu, akisubiri kuitwa.

Kisha Daniel akainuka na mfuko wa karatasi, akautoa kwa mikono miwili.

"Baba, nimesikia unapenda hii. Mimi mwenyewe siijui, nimeulizaulizia tu."

Romani akatoa chupa. Ilikuwa bourbon aliyokuwa akiiona kwenye video tu, ambayo hata yule mhudumu wa hoteli alikuwa akiisimulia kwa sauti ya chini. Mtu mwingine angefurahi. Romani aliigeuza, akaisoma karatasi yake mbele na nyuma. Kijana hata kwenye zawadi hakukosea!

"Tuilinganishe," akasema.

Hakuna aliyemwomba. Lakini Mzee Pua alikuwa ameshasimama. Akafungua kabati, akatoa glasi yake fupi, akamimina kutoka kwenye chupa yake anayoipenda kuliko zote. Kisha akafunua kitambaa cha kudarizi kwenye sinia la glasi za wageni, akachukua moja na kuimiminia ya Daniel. Wazee wakatazama kwa adabu. Mzee Abdulrahman, ambaye pombe haigusi, akatazama dari.

Romani akaonja ya kwake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaeleza sukari guru, akaeleza korosho. Akanyanyua ya Daniel. Akanusa. Akanusa tena. Palikuwa na moshi, tena si moshi wa pipa: mtamu, mwembamba, wa kupanda kichwani. Akapiga funda. Akakaa kidogo, akapiga funda la pili. Kisha akaiweka glasi chini.

"Hii imechakachuliwa."

Demetria akatokea mlango wa jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Samahani, mzee wetu," akasema mshenga. "Unasema?"

"Si yenyewe hii. Kuna kitu kimetiwa humu. Pua yangu hainidanganyi."

Daniel akainamisha kichwa. Hakujitetea, na hilo nalo lilimkera Romani, maana hata tusi kijana alilipokea vizuri. Mzee Abdulrahman akakunja miwani yake, akaitia mfukoni.

"Sie tumekuja hapa na heshima zetu," alisema polepole. "Mtu akisema zawadi ya kijana ni ya kughushi, huyo ameshasema kijana mwenyewe ni wa kughushi. Mzee Romani, tunaomba ruhusa."

Wakainuka. Demetria akasema jamani, akasema wageni wangu, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo Romani hakuwahi kulionja katika ndoa nzima. Nyuma ya mlango wa chumba kikasikika kitanda kikilia, kama mtu aliyekuwa amesimama amekaa ghafla. Romani alikisikia.

Wazee wawili walivaa makobazi wakatoka. Daniel naye akatoka. Kilichoiokoa ndoa ile ni viatu vya mshenga. Vilikuwa vya kamba, na Mzee Abdulrahman ni mtu wa kufunga kamba vizuri hata akiwa na hasira. Alikuwa bado ameinama mlangoni wakati Mama Walid alipotokea na jagi la maji.

"He! Mnakwenda wapi nyie? Hata maji hamjanywa! Na glasi nimezifukiza kwa mkono wangu tangu asubuhi!"

Mshenga akainua uso, kamba mkononi. "Umezifukiza?"

"Nimezifukiza ubani, ndiyo. Zilikuwa zinanuka kabati, mie nikaona haya. Watu waje kuposa halafu wanywe maji yananuka kabati? Kwetu glasi ya mgeni inafukizwa, baba."

Akachukua glasi kwenye sinia, akaijaza maji, akampa. Mzee Abdulrahman akanusa, akanywa mpaka chini, akafumba macho.

"Mashallah. Umenikumbusha mama yangu." Kisha akafumbua macho na kumgeukia mwenye nyumba. "Mzee Romani, nadhani mchakachuaji tumempata."

"Nimechakachua nini mie?" akauliza Mama Walid, na alipoelezwa, jagi nusura limponyoke. "Ubani wangu kwenye pombe? Astaghfirullah! Mie niliambiwa glasi za juisi!"

Romani alisimama katikati ya sebule yake. Akili yake, ambayo siku nyingine huwa nzito, ilimletea haraka sana njia kadhaa za kutokea: kwamba hata hivyo kizibo kilikuwa kimelegea, kwamba alikuwa akitania. Alimwona Daniel uani, amegeuka, anautazama mlango wa chumba na wala si chupa. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

"Wazee, nimekosa," akasema. "Chupa ni yenyewe. Na kijana ni mwenyewe. Nimemvunjia heshima mtoto wa watu nyumbani kwangu. Rudini mkae, mnitoze faini."

Mzee Abdulrahman akafungua zile kamba alizokwisha kuzifunga. Wengine wakarudi. Mshenga alipoketi, uso wake ulikuwa wa hakimu, lakini mabega yalikuwa yameanza kumtikisika.

"Siku zote shughuli kama hizi faini ni yetu sie upande wa muoaji," alisema. "Leo Mungu ametuona. Kwanza, doti ya kanga kwa Mama Walid, ubani wake umedhalilishwa. Pili," akainyoshea kidole ile glasi fupi, "hiyo naona ni ya mfalme. Imwagwe, ioshwe, kijana anywee maji."

Kuimwaga ilimuuma, na kuosha akaosha mwenyewe, mbele ya watu, kwa sabuni ya vyombo. Daniel akanywa maji katika glasi ya Mzee Pua, taratibu, kama anavyokula. Anastasia akaitwa. Akaulizwa kama anawajua wageni hawa.

"Nawajua."

"Tuwapokee?"

"Wapokeeni." Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa baba yake hakuyapeleka.

Pilau ikaliwa, siku ya mahari ikapangwa, wageni wakasindikizwa hadi barabarani wakicheka. Habari ilifika grosari kabla jua halijashuka. Siku hizi Romani akiisimulia mwenyewe watu hushika mbavu, na huimalizia hapo hapo kwenye glasi kuoshwa. Lakini haikuishia hapo.

Alasiri ile alikuwa barazani peke yake. Anastasia akaja na ile glasi ya ubani, bourbon ya Daniel ikiwamo bado, maana hakuna aliyejua pa kuipeleka. Akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Baba, ubani wa Mama Walid unaingia humu ndani kila Alhamisi."

"Ndiyo."

"Chupa zako zote unazijua umefumba macho. Ubani ndio umekushinda?"

Romani akaivuta soksi yake, ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Funda la kwanza sikuutambua. Kweli tena."

"Na la pili?"

Uani kwa Mama Walid mtu alikuwa akisugua masufuria.

"La pili nilijua," akasema. "Mwaka mzima nimemtafutia yule kijana kasoro nikakosa. Leo ikaja yenyewe mpaka mdomoni. Nikaona nikiitema, wewe unaondoka." Akaivuta soksi tena. "Unaniacha na chupa, mwanangu. Nitamwelezea nani mie? Mama yako hata hasikilizi."

Anastasia alimtazama. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika, ilionekana kwenye taya. Kisha akanyanyua ile glasi na kupiga funda, yeye ambaye hata bia hajawahi kuionja. Uso wote ukamkunjamana.

"Usimeze!" Romani akasahau kila kitu, akasogea mbele. "Iache izunguke kwanza. Haya. Umekuta nini?"

Anastasia akaizungusha, akameza, machozi yakimtiririka. Akafikiri kweli, kama mwanafunzi mzuri.

"Alhamisi, Baba," akasema. "Nimekuta Alhamisi."