Siku ya Kuoneshwa Wodi

Wenzake walimwita Mama Daftari, kwa kuwa hakuingia wodi yoyote bila kijidaftari mfukoni. Alikuwa muuguzi wa muda: kijana wa wakala anampigia simu, hospitali inamtumia miezi mitatu, kisha anahamia kwingine. Kila hospitali mpya ilianza na siku moja ya kuoneshwa mazingira, na siku hiyo wakala alilipa nusu. Hoja yake ilikuwa kwamba anayeoneshwa hafanyi kazi.

Hoja hiyo ingekuwa na maana kama angeoneshwa chochote. Asubuhi hiyo, wodi ya watoto ilikuwa na wagonjwa kumi na tisa na muuguzi mwenyeji mmoja. Mwenyeji alimpokea kama mtu aliyetuliwa mzigo, akamkabidhi tisa papo hapo. Mama Daftari alibadilisha dripu, akapima homa, akambembeleza mtoto mmoja ameze kidonge kwa kumwambia kwamba tumbo limeshaandaa kiti na linamsubiri mgeni. Mpaka jioni alikuwa ameoneshwa choo tu.

Ndipo akaletewa fomu ya vipengele ishirini, vyote vimeshatiwa alama ya vema.

"Saini, dada, tukapumzike," mwenyeji alisema. "Karatasi hii haijamng'ata mtu bado."

Kipengele cha kumi na moja kilisema ameoneshwa kabati la dharura na ufunguo wake. Mama Daftari akauliza kwa upole ufunguo unakaa wapi. Mwenyeji akafungua droo, akapapasa juu ya kabati, akajipekua mifuko. Hatimaye akakumbuka kwamba sista mkuu aliondoka nao juzi, alipokwenda mkutanoni, na kwamba angerudi kesho.

Ndani ya kabati hilo kulikuwa na dawa na vifaa vya mtoto aliyeacha kupumua. Kwa siku mbili wodi nzima ilikuwa imelala na kuamka bila ufunguo, na fomu ikisema kila kitu kiko sawa.

Hakusaini. Kijana wa wakala akampigia kumwambia kwamba bila fomu nafasi atapewa mwingine, na kwamba siku ya pili ya kuoneshwa haina malipo. Mama Daftari alikuwa amekaa wiki saba bila kazi, na kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

"Nusu malipo nimezoea kuimeza, mwanangu," alimjibu. "Lakini sitasaini kitu ambacho sikukiona. Kesho nitakuja nioneshwe."

Kesho yake sista mkuu alisikiliza habari yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Alifungua kabati, akamwonesha kila rafu na vipengele vingine vyote vya fomu, kisha akaagiza msumari ugongwe ukutani na ufunguo ukatundikwa hapo. Fomu ya jana akaikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kwa mkono wake: "Jana alihudumia watoto tisa. Siku ya kuoneshwa ni leo." Akatia saini na kugonga muhuri. Kwa karatasi ile, wakala hakuwa na pa kutokea: jana ilikuwa kazi kamili, na mkataba ukabaki palepale.

Mama Daftari akatoa kijidaftari, akaandika: msumari, kushoto kwa mlango. Kisha akasaini fomu mpya.