Sahani ya Meno Kumi

Niliondoka Migori Jumanne asubuhi, mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, kwa sababu nilikuwa nimeunguza klachi ya gari la baba yangu. Ni gari dogo la spoti, la viti viwili, lililotengenezwa Uingereza kabla sijazaliwa. Baba, mpimaji wa ardhi aliyestaafu, alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na tangu hapo hakuruhusu mtu mwingine kushika usukani wake. Mwaka ule presha ya macho ilikuwa imeshamla jicho moja, na daktari alimwambia la pili halina muda mrefu. Ndipo akaniita, akasema atanifundisha kuendesha wakati bado anaiona barabara.

Siku ya nne nilipanda mlima mguu wangu ukiwa umelalia klachi njia nzima. Moshi ukatoka, gari likawa linanguruma tu bila kwenda. Baba hakunigombeza. Alishuka, akasimama kando ya barabara akilitazama gari kwa lile jicho moja.

Fundi wetu, Okello, aliteremsha giaboksi akanionyesha. Sahani ya klachi ilikuwa imelika hadi kwenye ribiti, ile misumari inayoishikilia, na ile pete nyeusi inayoisukuma, laini kama kaa la jikoni, ilikuwa imepasuka vipande viwili. Tuliagiza sahani nyingine kutoka Nairobi. Ikaja na upana ule ule, lakini ilikataa kuingia kwenye shafti ya giaboksi.

"Mwalimu, usiangalie nje," Okello aliniambia. "Hesabu meno ya hapa katikati. Yetu iko na kumi, manene. Hii ya Nairobi iko na ishirini na tatu."

Akaifunga sahani kuukuu kwa gazeti, nami nikaitia mkobani nikaenda kuitafutia mwenzake.

Rongo nilifika saa nne. Mwenye duka la spea karibu na soko alinitolea sahani tatu, zote za meno madogo. Alipoona nimekata tamaa, alinishauri nimwachie ile yangu: yuko jirani yake wa kuchomelea, angekata kitovu chake chenye meno na kukiunganisha kwenye sahani mpya, na jioni ile ningekuwa nyumbani. Nakiri kwamba nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa na hamu ya kurudi na kitu, kitu chochote. Lakini nilifikiria ile sahani ikizunguka kwa kasi chini ya miguu ya baba, ikishikiliwa na mshono wa fundi nisiyemjua, nikaifunga tena kwa gazeti lake nikaendelea na safari.

Homa Bay, saa nane mchana, jua lilikuwa linapiga juu ya mabati. Nilielekezwa kwa Bwana Swaleh, mtu wa Lamu aliyekuwa ameuza vipuri pale mjini kwa miaka mingi, nikamkuta ndiyo kwanza anafungua duka baada ya sala. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akapitisha ukucha kwenye meno yake.

"Hii nayo bado ingali duniani?" akasema, kama anayejiuliza mwenyewe.

Alinieleza kwamba gari la spoti la aina ile hajapata kuliona upande huu, ila saluni za zamani, yale magari ya familia ya kampuni hiyo hiyo, zilitumia klachi moja nalo, meno kumi. Seti ya mwisho alikuwa amemuuzia afisa wa mifugo aliyekaa Mbita. Tangu hapo hakumwona tena, akadhani amehamishwa. Akaniandikia jina la afisa huyo kwenye kikaratasi, akanitakia heri.

Usiku ule nililala kwa mwalimu mwenzangu. Jumatano alfajiri nilipata nafasi mbele ya lori la barafu lililokuwa linakwenda Mbita kuchukua samaki. Barabara ilikuwa ya vumbi na makorongo, ziwa likiwa upande wetu wa kulia, likijificha na kutokea tena baina ya vilima. Dereva aliniuliza nimebeba nini kizito hivyo. Nikamwambia, naye akacheka kwa upole, akasema hajawahi kumpakia mtu anayesafirisha klachi mbovu.

Mbita nilionyesha kikaratasi changu kwenye kioski cha kwanza. Watu wawili wakatazamana, kisha mmoja akanipeleka kwa mjane wa afisa huyo. Afisa alikuwa amefariki miaka minne iliyopita.

Mama Auma alinikaribisha vizuri, nami nikaona haya kueleza nilichofuata. Saluni ilikuwa chini ya kibanda cha mabati, haina tairi hata moja, juu yake nyavu za wanawe. Nilipokwisha kusema, aliingia chumbani akarudi na sanduku la karatasi ngumu, akaliweka mezani bila kulifungua. Alisema mumewe aliinunua seti ile akiwa tayari mgonjwa, akisema akitoka hospitali ataifunga. Baada ya mazishi watu walikuja wakaomba tairi, wakaomba betri, yeye akawapa. Sanduku hakumpa mtu.

Sikuweza kuliomba. Nilimsimulia tu habari za baba na macho yake.

"Sasa anaona?" akaniuliza.

"Jicho moja, Mama. Na ni mchana tu."

"Na ni wewe uliharibu?"

"Ni mimi."

Akawa anaisugua pembe ya sanduku kwa kidole gumba.

"Huyu mzee wangu alitaka kunifundisha hiyo gari," akasema. "Mimi nikamwambia mwaka ujao. Kila mwaka nasema mwaka ujao."

Kisha akalisogeza sanduku mbele yangu. "Hesabu kwanza."

Nilifungua karatasi ya nta. Sahani, pete nyeusi, kila kitu kilikuwa kama kilivyotoka kiwandani. Nikahesabu meno. Kumi.

"Basi beba, nyathina," akasema, akiniita mwanawe. "Lakini hii sanduku isikae tupu. Niachie ile yako."

Nilimpa sahani yetu iliyoungua. Akaivingirisha katika karatasi ile ya nta, akaiweka ndani, akarudisha sanduku chumbani kwake. Nilipogusia malipo, alinipa mgongo akaenda kuteleka chai.

Jumatano jioni nilirejea Migori na ile pete nimeipakata njia nzima kama yai. Baba alikuwa barazani. Aliipokea sahani mpya, wala hakuipeleka machoni. Akaingiza kidole katikati na kuzunguka nacho polepole.

"Kumi," akasema.

Okello aliifunga kwa siku mbili, na Jumamosi nikaendesha, baba kando yangu. Tulipata miezi mitano ya masomo. Kisha Jumapili moja, kwenye njia ya Masara, akaniuliza kwa sauti yake ya kawaida, "Tumefika wapi?"

Mashimo ya wachimbaji wa dhahabu yalikuwa pale pale ubavuni mwake, asiyaone.

"Tumefika Masara, Baba. Wameanika mchanga kando ya barabara. Kuna mama anaosha karai."

"Endelea," akasema.

Safari ile ya Mbita ilinifundisha kuhesabu kabla ya kuamini, na kutosema mwaka ujao. Kusimulia njia, mahali kwa mahali bila kuruka, nilijifunza siku hiyo ya Masara, kwa mtu aliyekaa kando yangu akisikiliza.