Nilivyowaandikia akina mama kura za maoni, nusura ukoo wetu usambaratike

Wakuu, heshima zenu.

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Nyumbani siwezi kulirudia, kijiweni nitachekwa, basi leo nalitua hapa. Ninachoandika kimetokea, nilikuwepo, na mkono wangu huu ulihusika. Majina nimebadilisha na kata siitaji. Wenyeji wa Sumbawanga, njia ya Mollo, mkinitambua, naomba mnitunzie.

Na nyie mlioona neno Sumbawanga mkakaa mkao wa kusubiri radi za kichawi, poleni sana. Humu hakuna radi. Kuna kalamu ya bluu tu.

Twende.

Baba yangu alikuwa diwani vipindi viwili. Niseme ukweli mapema ili nisije nikaonekana namchafua: si mwizi, si mlevi, na mtu akifiwa kata nzima yeye ndiye wa kwanza kufika. Tatizo lake ni vikao. Baba anapenda kikao kuliko chakula. Ukimwambia paa linavuja atakwambia suala hilo litajadiliwa.

Kipindi cha tatu akachukua fomu tena. Watia nia walikuwa kadhaa, ila wa kumnyima usingizi alikuwa mmoja, Mama Yustina, mkunga mstaafu. Nusu ya vijana wa kata yetu wamepokelewa na mikono yake, mimi nikiwemo. Hana maneno mengi. Huwa anakuangalia mpaka unakumbuka ulichokosea.

Kwa wasiojua, kura za maoni kwetu zilikwenda hivi. Wajumbe mnakutana, watia nia wanajinadi, wanaulizwa maswali, halafu kila mjumbe anapewa karatasi aandike jina la anayemtaka. Mjumbe asiyejua kuandika anaruhusiwa kumchagua mtu anayemwamini amwandikie.

Hapo ndipo Baba alipoona mwanya.

Wiki moja kabla aliniita kutoka mjini, ambako natengeneza simu. Mimi ni mjumbe kupitia vijana. Nikafika, shikamoo, marahaba, akaingia moja kwa moja kwenye hoja.

"Akina mama watano wa upande wetu hawajui kuandika. Nimeshaongea nao, watakuchagua wewe. Sitaki kalamu ikae kwa mtu nisiyemjua."

Hao watano walikuwa Mama yangu mzazi, Shangazi Gaudensia ambaye ni dada wa Baba, na majirani zetu watatu. Baba alishawahesabu kabisa, watano wake, wamelala mfukoni.

Sikuona ubaya. Ni baba yangu, kanisomesha, kaniombea hata nafasi ya banda stendi. Kuandika majina matano ni kazi gani?

Siku ikafika. Mwezi wa saba huku kwetu mnaujua, upepo unapita kwenye koti kama hujavaa kitu. Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto.

Baba akajinadi vizuri, sauti imetulia, watu wakapiga makofi. Maswali yakaanza. Akasimama Shangazi Gaudensia.

"Mheshimiwa kaka yangu," akasema, watu wakacheka kidogo. "Kivuko cha mtoni. Masika watoto hawavuki kwenda shule, na sisi hatuvuki kwenda mashineni. Umekaa miaka kumi. Lini?"

Baba akatabasamu, akajibu kwamba suala hilo lipo kwenye mchakato na limejadiliwa vikao vitatu. Darasa zima likacheka. Alidhani wanacheka naye.

Mimi nilimwona Mama. Hakucheka.

Niwaambie kuhusu Mama na huo mto. Masika ya mwaka wa nyuma yake alikuwa amebeba ulezi kichwani anakwenda kusaga. Jiwe la kuvukia likamponyoka mguuni, akaanguka, mkono ukavunjika karibu na kiganja. Walimtoa majirani. Baba alikuwa Chala kwenye semina, simu ameizima, akarudi kesho yake. Alisikitika kweli, siwezi kumkatalia hilo. Baada ya hapo kwake likaisha.

Wakati wa kura msimamizi akaniita mbele pamoja na mwandishi mwingine wa upande wa pili. Akatusimamisha mbele ya wajumbe wote, mkono juu, tukaapa kwamba tutaandika kile tunachoambiwa, na tulichoandika hakitatoka midomoni mwetu, iwe kwa mume, kwa mke wala kwa mzazi. Nikaapa kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimevaa na tai, wakuu, najiona mtu kweli.

Wakaweka meza nyuma ya ubao wa kusogeza. Unaingia na mjumbe wako, ananong'ona, unaandika, unampa karatasi, anakwenda kuitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku.

Majirani watatu wakapita. Wote Baba.

Akaja Shangazi. Nilijua huyu kashakasirika. Akainama, akanong'ona jina la Baba. Nikamtazama kwa mshangao, akanifinya bega. "Ni kaka yangu. Kumgombeza nitamgombeza, kumwacha siwezi."

Wa mwisho Mama.

Akakaa kwenye kidawati, akaweka ule mkono uliovunjika juu ya meza. Haujawahi kunyooka sawasawa. Akasogea mpaka nikasikia pumzi yake sikioni.

"Andika Yustina."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Mama?"

"Yustina."

"Mama, na Baba je?"

Akajibu kwa Kifipa, polepole, maana ya maneno yake ni hii: nyumbani yule ni mume wangu, hapa tunatafuta diwani.

Wakuu, nilishikwa na jasho kwenye baridi ile. Pembeni ya ubao nilikuwa nayaona mabega ya Baba, kakaa mstari wa mbele na watia nia wenzake, kanyooka, ametulia. Mama hajui kusoma. Ningeandika jina lolote pale, angelichukua, angelitumbukiza, na dunia nzima isingejua. Kalamu ilisimama kwenye karatasi mpaka ikaacha doa.

Msimamizi akauliza kwa nje, "Vipi huko, mbona kimya?"

Mama hakunihimiza. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa na woga, nikaelewa kwamba ananiogopa mimi. Mwanawe. Kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu. Hilo liliniuma kuliko yote.

Nikaandika YUSTINA, herufi kubwa. Akaipokea karatasi, akaikunja mara mbili, akatoka.

Kura zikahesabiwa mbele yetu ubaoni, mistari mistari. Baba mbele, Yustina mbele, Baba mbele. Mwisho msimamizi akarudia kuhesabu kwa sababu watu walikuwa wanapiga kelele. Mama Yustina akawa amemzidi Baba kura moja.

Moja.

Fanyeni wenyewe hiyo hesabu. Karatasi ile ingekuwa na jina la Baba, Baba angeshinda. Nilibaki nimesimama natazama vidole vyangu vina wino.

Baba alimpa mkono mshindi kiungwana. Ila tulipofika nyumbani alisema jambo moja tu, "Ni Gaudensia."

Nikajifanya natafuta chaji ya simu. Mama alikuwa anavua viatu mlangoni, akaviweka pembeni, akaingia jikoni.

Nilidhani hasira itapoa. Haikupoa. Baba alihesabu watu wake usiku na mchana, na kila akihesabu anamkuta dada yake aliyesimama kumuuliza kivuko. Alimkataza asikanyage kwake. Kibaya zaidi, harusi ya mdogo wangu wa kike ilikuwa imebaki wiki mbili. Kwetu Shangazi ndiye wa kukaa na bibi harusi, kumfunda na kumtoa nyumbani. Shangazi hana mtoto wa kumzaa. Huyu mdogo wangu kamlea kama wake, na kitenge cha siku hiyo alishakishona.

Baba akatangaza kikao cha ukoo Jumapili baada ya misa. Ajenda moja, kumweka mtu mwingine nafasi ya Shangazi.

Siku tatu za kusubiri kikao hicho sikula vizuri. Nikisema Shangazi alimpigia, Baba ataniuliza, nani basi? Wamebaki wanne. Atataja mmoja mmoja akinitazama usoni, na uso wangu haujui kuficha kitu. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anatengwa na ndugu zake kwa ajili ya kiapo changu. Nikasubiri Mama aniambie la kufanya. Mama alikuwa anapukuchua mahindi tu, gunzi baada ya gunzi.

Jumapili tukakaa sebuleni. Baba kwenye kiti chake, baba wadogo wawili pembeni, mdogo wangu analia chumbani. Shangazi alikuja ingawa alikatazwa. Hakupewa kiti. Akakaa chini karibu na mlango, kajifunga khanga kiunoni.

Baba akaeleza shtaka lake vizuri sana, kwa mpangilio, kama yupo kwenye baraza la madiwani. Akamaliza kwa kusema, "Damu yangu imeniuza."

Shangazi akasema, "Kaka, mimi nilikupigia. Muulize mtoto. Ndiye aliyeniandikia."

Wote wakanigeukia.

"Haya," Baba akasema. "Sema."

"Baba, niliapa."

"Mimi ni baba yako."

"Nilisema hata kwa mzazi. Ulikuwepo, ulinisikia."

"Kwa hiyo unamficha. Kama angekuwa safi ungesema. Kukataa kwako ni jibu."

Machozi yalinitoka, mtu mzima na ndevu zangu, sioni aibu kuandika hapa. Shangazi akaegemea mlango, akaanza kuinuka.

"Kaa chini, wifi."

Ilikuwa sauti ya Mama. Alikuwa ametokea jikoni, kasimama kwenye upenyo, mwiko wa ugali bado uko mkononi.

"Usiende popote. Mimi ndiye niliyempa Yustina."

Baba mdogo mmoja alikohoa. Baba alimtazama Mama, akanitazama mimi, akarudi kwa Mama.

"Wewe?"

"Mimi. Na mtoto aliandika nilichomwambia. Usimguse."

"Mke wangu mwenyewe. Kwa nini hukuniambia?"

Mama akauinua ule mkono wake mbovu, si kwa kutisha, ni kama mtu anayeonyesha risiti.

"Nilikwambia kila masika. Ulikuwa mkutanoni."

Wakuu, nimeshuhudia watu wakizomewa, wakipigwa, wakifilisiwa. Sijawahi kuona mtu akishuka kama alivyoshuka Baba kwenye kile kiti. Alifungua mdomo, najua alitaka kusema suala hili lipo kwenye mchakato, likamkwama.

Akainuka, akatoka nje. Tukakaa. Baada ya muda akarudi amebeba kigoda cha jikoni, akakiweka katikati ya sebule.

"Dada, kaa hapa. Harusi ni yako."

Basi, kikao kikafungwa bila ya kufungwa. Harusi ilifanyika, Shangazi alimtoa bibi harusi na kitenge chake, akacheza mpaka viatu vikakatika.

Msidhani mambo yaliisha kama filamu. Baba alikaa wiki nzima haongei na Mama zaidi ya "chumvi" na "maji". Na mimi aliniweka mbali kidogo, mpaka leo kuna kitu kati yetu hakijarudi sawasawa. Simlaumu. Mimi nilijua, nikala naye sahani moja, sikusema.

Nilichojifunza: ukishika kalamu ya mtu asiyejua kuandika, umeshika ulimi wake. Si wako, si wa baba yako, si wa chama. Na nyie wanasiasa wa humu, mnajidanganya mnapohesabu kura za wake zenu mkiwa mmelala. Waulizeni kwanza walilalamikia nini masika iliyopita.

Bado kuna kitu kinanisumbua, na hapa ndipo nawahitaji. Mama asingetokea jikoni, mimi ningemwacha Shangazi aondoke. Najua ningemwacha. Je, kiapo kilikuwa na thamani hiyo? Wewe ungesema? Nipigeni mawe kistaarabu, nasoma zote.

Na moja la kucheka kabla sijatoka. Siku Baba alipoanza kuongea tena ilikuwa asubuhi, tunakunywa chai watatu. Akaweka kikombe chini, akamuuliza Mama taratibu:

"Kipindi cha kwanza ulinipa?"

"Nilikupa."

"Na cha pili?"

Mama akamsogezea sahani ya viazi.

"Kunywa chai, Baba Fulani. Inapoa."